Fizio (mazoezi ya tiba ya viungo) ya mzee wangu hapa Moshi, nawapa nyota nne

Mzee ana Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo, mwaka wa tatu sasa. Kutetemeka sio sana, shida ni kukakamaa, akifika mlangoni miguu inagoma kabisa anaganda hapohapo. Kliniki tuliyoanzia (jina silitaji) nafasi walikuwa nayo saa kumi na moja jioni tu, tunatoka Kiboriloni na bajaji, mzee anafika hata kwenye kiti hainuki, wao wanaandika hana maendeleo, na hela tunatoa, miezi miwili hiyo.

Huku Soweto nilikohamia dada wa fizio hakumgusa kwanza. Shikamoo babu, dawa unameza saa ngapi na asubuhi unakula nini? Marahaba, mtori wa nyama, nikimaliza namezea dawa. Dada akacheka kweli.

Akatuelewesha: levodopa, hiyo dawa anayomeza, ikifika kwenye ubongo ndo inageuzwa dopamini, kemikali ya kuendesha mwendo, maana kwa mzee seli za kuitengeneza zimeshakufa nyingi. Sasa protini ya nyama na dawa vinagombania mlango mmoja kwenye utumbo, nyama ikitangulia dawa inasubiri nje. Na tena dopamini hata kwa mtu mzima wa afya haikai sawa masaa 24, inapanda na kushuka na saa ya mwili, na wagonjwa wengi jioni ndo wanazidiwa. Hapo nikakumbuka ile saa kumi na moja yetu, nilisikia uchungu jamani.

Tukaongea na daktari wake kwanza, saa hizi anameza saa moja na nusu na maji matupu, uji baadae, nyama imehamia usiku (kanuna wiki nzima, Mchaga na mtori wake), mazoezi saa tatu dawa ikiwa imeshapanda. Wamebandika selotepu sakafuni, mistari mistari, anaruka mmoja mmoja na hagandi, nami nimebandika mlangoni nyumbani. Juzi kaenda mwenyewe mpaka kwenye migomba.

Ah, jirani kaniambia nimpe upupu, eti una dawa hiyohiyo. Ni kweli levodopa imo ila kipimo nitakijuaje mimi, nikaacha.

Nyota moja nimeikata sababu wako ghorofa ya pili na lifti hakuna. Kliniki ya watu wasioweza kutembea, ngazi ishirini na nne, nimezihesabu.