Kusoma barua pepe ndani ya Emacs: Gnus, mu4e au notmuch?

Wanaotafuta programu ya barua pepe ndani ya Emacs, kihariri cha maandishi, huanza kwa kulinganisha mwonekano. Mwonekano si hoja, maana zote zitakupa orodha ya maandishi na vitufe vya kukariri. Kinachozitenganisha ni pale barua zinapokaa: kwenye seva, au kwenye diski yako.

Gnus huziacha kwenye seva. Inakuja pamoja na Emacs, kwa hiyo hakuna cha kusakinisha. Unaandika mstari mmoja wa `gnus-select-method` wenye `nnimap` (njia ya Gnus ya kusoma barua zilizo kwenye seva) na jina la seva, nenosiri unaliweka kwenye `~/.authinfo.gpg`, basi. Shida ni kwamba ilitengenezwa kwa ajili ya vikundi vya majadiliano vya Usenet na tabia hiyo haijaiacha: barua ukishaisoma inatoweka kwenye orodha. Haijafutwa, imefichwa tu. Ingia kwenye folda kwa `C-u RET` (Ctrl na u, kisha Enter) utaiona. Wageni wengi huikimbia hapo hapo. Kasoro nzito zaidi ni kwamba inapozungumza na seva, Emacs nzima husimama kuisubiri. Mtandao ukisuasua, hata faili uliyokuwa unaiandika haigusiki.

mu4e na notmuch zinataka barua ziwe kwenye diski katika muundo wa Maildir, yaani faili moja kwa kila barua. Hazipakui zenyewe, kazi hiyo ni ya mbsync, programu ya kusawazisha barua za seva na za diski, ambayo kifurushi chake huitwa isync. Maandalizi ni marefu, lakini ukimaliza unasoma, unatafuta na kuandika majibu bila mtandao. Anayehesabu bando aongeze `MaxSize 2m` kwenye sehemu ya `MaildirStore` ya faili ya mipangilio ya mbsync: badala ya barua nzito utaletewa kijibarua kifupi tu cha kuishikia nafasi, na ukikiwekea alama ya bendera, barua yenyewe inakuja nzima mbsync ikipita tena.

Kwa walio wengi, chaguo ni mu4e, ambayo ni sura ya Emacs ya programu ya utafutaji iitwayo mu. Baada ya `mbsync -a` ya kwanza, endesha `mu init --maildir=~/Maildir --my-address=anwani yako`, kisha `mu index`. Utafutaji hufanywa na Xapian, maktaba ya kutafuta maandishi, na hata kwenye makumi ya maelfu ya barua majibu huja papo hapo. Andika `from:benki flag:attach date:3m..` upate viambatisho vyote vya benki vya miezi mitatu.

Mitego yake inajulikana. Usipoweka `mu4e-change-filenames-when-moving` kuwa `t`, siku utakapohamisha barua kati ya folda mbsync italalamika `duplicate UID` na kugoma. Ukiendesha `mu index` kwenye terminali huku mu4e iko wazi, itakataa kwa sababu kanzidata imefungwa na mwenzake. Sehemu ya Emacs na programu ya mu lazima ziwe za toleo moja, hivyo zisasishe pamoja. Hatari kuliko yote ni kitufe `d`: hakihamishi tu barua kwenda kwenye folda ya taka, kinaibandika pia alama ya kufutwa, na mbsync iliyowekewa `Expunge Both` (kufuta pande zote mbili) itaifutilia mbali hata kwenye seva. Tumia `m` kuipeleka kwenye taka, kisha `x` kutekeleza.

Wa Gmail wana mawili ya ziada. Nenosiri la kawaida halifanyi kazi. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, kisha utengeneze nenosiri la programu. Halafu weka `mu4e-sent-messages-behavior` kuwa `delete`, kwani Gmail hujihifadhia nakala ya barua uliyotuma na bila hivyo utakuwa nazo mbili mbili.

notmuch nayo hutumia Xapian, ila haina habari na folda: kila kitu ni lebo. `notmuch tag +kodi -inbox from:mwenye-nyumba` na umemaliza kupanga. Kwa mwenye orodha kubwa za majadiliano, hakuna inayoifikia kwa kusoma mazungumzo yaliyoshonwa pamoja. Lakini haifuti chochote; lebo ya `deleted` ni lebo tu, na faili utaziondoa mwenyewe kwa kuzitafuta kwa `notmuch search --output=files tag:deleted`. Tena lebo zako hubaki kwenye kompyuta hiyo moja. Ukifungua barua zilezile kwenye simu, hutaziona lebo hizo.