Fleti ya likizo Nyali yenye samani chache: imefaulu sebuleni, imeshindwa jikoni

Fleti tuliyokodi Nyali, Mombasa, iko ghorofa ya tatu katika jengo linaloelekea bahari, ina vyumba viwili vya kulala, na mwenyewe huitangaza kwa sifa moja tu, kwamba ndani yake hamna kitu kisicho na kazi. Sifa hiyo inastahili kupimwa, kwa sababu fleti nyingi za likizo katika pwani yetu zimejazwa vinyago, masofa ya ngozi bandia yanayomnata mtu mgongoni, mapazia mazito na mazulia yasiyoachana na mchanga. Hapa hakuna hata kimoja cha hivyo. Nililotaka kujua ni kama vilivyobaki vilichaguliwa na mtu anayeijua bahari au na mtu aliyefikiria picha za tangazo, na jibu hubadilika kila unapoingia chumba kingine.

Sebuleni ndiko kazi ilikofanywa kwa akili zaidi. Badala ya masofa, fundi amejenga baraza ya saruji kufuata kuta mbili, akaipiga lipu laini na kuipaka rangi nyeupe ile ile ya ukuta, kisha yakatandikwa magodoro membamba yenye foronya za pamba nzito zinazovulika na kufulika. Baraza ya namna hii haina miguu ya kushika kutu wala uvungu wa kuficha mchanga, na watoto walilala juu yake mchana bila mtu mzima yeyote kuombwa ahame. Sakafu ni saruji iliyosuguliwa hadi ikang'aa kidogo. Ukipitisha ufagio mara moja kazi imekwisha. Vilivyobaki ni mkeka mmoja wa ukindu, meza fupi ya mvule na feni ya dari. Mimi kwa kawaida huiona nyumba tupu kama ofisi iliyohamwa, lakini hapa sikuona hivyo, na sababu yake kubwa ni zidaka, yaani vishubaka vya kuwekea vitu, zilizochongwa katika ukuta wa ndani.

Zidaka hizo zastahili maneno zaidi. Katika nyumba za mawe za Lamu, mji ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, watu hawakuhitaji makabati mengi ya kuonyeshea vyombo, kwani ukuta wenyewe, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ulipambwa kwa safu za zidaka za lipu ambamo ziliwekwa sahani za kauri za Kichina na vitu vingine vya thamani. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, ambao kwa kawaida haukuzidi sana mita tatu, kwa hiyo kila samani iliyosimama sakafuni ilikula njia ya kupita. Aliyeipanga fleti hii amelielewa jambo hilo. Kuta za matofali ya saruji za siku hizi ni nyembamba na zidaka zake haziendi ndani sana, lakini zinatosha kwa taa, funguo, vitabu na mtungi wa maji, vitu ambavyo kwingineko vingedai meza mbili zaidi.

Vyumba vya kulala ni vya wastani. Vitanda vya mvule visivyo na nakshi ni imara, na chandarua kinaning'inia kwenye fremu ya mraba iliyofungwa darini, hivyo hakimwangukii mtu usoni. Kasoro iko madirishani: ni ya vioo vya kuteleza, ambayo huacha wazi nusu tu ya nafasi yake. Tulikaa humo mwezi wa Agosti, upepo wa kusi ukivuma, na hata hivyo chumba cha nyuma kilikuwa kizito kufikia usiku wa manane. Atakayekuja Februari au Machi, kaskazi inapopungua nguvu na joto kuwa kali, atategemea kiyoyozi tangu jioni. Madirisha ya mbao yenye vibao vya kupitisha hewa yangeongeza uzuri na kupunguza bili ya umeme.

Jiko ndilo lililonikera. Makabati hayana vishikio. Unatakiwa kuyasukuma kidogo ili yafunguke yenyewe, jambo linalopendeza sana dukani. Mita chache kutoka baharini, springi zake zimekwisha kutu, na milango miwili ilifunguliwa kwa ncha ya kisu. Ubao ulio chini ya sinki ni wa chenga za mbao zilizogandamizwa, nao umefura. Mifereji imepakwa rangi nyeusi inayobanduka kwa maji ya chumvi ya kisima. Pwani, chuma cha pua cha daraja la 316, ambacho kina molibdeni, hustahimili chumvi kuliko cha 304 kilichozoeleka madukani, na kishikio cha kawaida cha mbao kingedumu kuliko vyote. Vyombo navyo vimepunguzwa kupita kiasi: sufuria mbili, kisu kimoja, hakuna mbuzi ya kukunia nazi wala kifumbu cha kuchujia tui. Mgeni anayetoka soko la Kongowea na changu wake na nazi zake atazitazama tu nazi hizo.

Roshani ina ukingo wa kioo kitupu, ili bahari ionekane hata ukiwa umeketi. Inaonekana kwa saa chache baada ya kufutwa, kisha ukungu wa chumvi hurudi. Tena kioo hicho humkinga aliyeketi na upepo aliotoka nje kuufuata. Hakuna kamba ya kuanikia wala ndoano hata moja, kwa hiyo kanga na taulo zilizolowa zilitandazwa juu ya baraza ya sebuleni, na ule usafi wa macho ukaisha kabla ya chakula cha mchana. Bafuni, kwa upande mwingine, hawakusahau bomba la mkono kando ya choo, nami nawashukuru kwa hilo.

Bei ya usiku mmoja inakaribia ile ya chumba cha hoteli ya ufukweni. Kwa watu wawili wanaokula nje, katika miezi ya kusi, naona inafaa, na sebule peke yake yaweza kumfunza mengi anayejenga fleti ya kukodisha. Kwa familia inayopika ningeshauri mwenyewe aulizwe kwanza kama makabati yamebadilishwa na kama kamba imefungwa roshanini, na mbuzi ya kukunia nazi ibebwe kutoka nyumbani.