Erasmus+ miezi mitano Poland: sijutii, ila makaratasi jamani

Watu wananiuliza kila siku kuhusu hii Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi na walimu wa vyuo, haya basi. Nimekaa Poland semista moja na kusema kweli mpango wenyewe ni wa maana, karo ya chuo cha kule hulipi hata senti, nauli wasaidiwa na kila mwezi kuna pesa ya kujikimu. Wanafunzi huenda miezi 2 hadi 12, walimu na wafanyakazi wa chuo hata siku 5 zatosha.

Taabu ni makaratasi. Ule mkataba wa masomo lazima usainiwe na wewe, chuo chako na chuo cha kule, sasa wangu ulilala kwenye droo ya ofisi yetu wiki tatu, kila nikienda mama wa ofisini aniambia "njoo kesho mwanangu" mpaka nkazoea harufu ya chai yake ya tangawizi. Viza nayo ni Nairobi, treni ya SGR ya usiku kutoka Mombasa kwenda na kurudi, na ukikaa zaidi ya siku 90 ile viza ya Schengen ya kawaida, ya kukaa Ulaya muda mfupi, haitoshi. Baridi ndo usiseme, mtoto wa Kisauni mie nlilala na koti!

Nyota nne. Ya tano wameila ofisi yetu.