Mashine ya hewa ya mapanga ya hp 1: inafaa bwawa la ukubwa gani?

Ukiuliza Kariakoo mashine ya kuongezea hewa bwawa la samaki, utaoneshwa aina mbili: ya mapanga, inayoelea na kuyapiga maji, na pampu ndogo ya hewa yenye mipira na mawe ya mapovu. Hapa tunaipima zaidi ile ya mapanga ya hp 1 (kilowati 0.75), maboya matatu, umeme wa njia moja. Ni mashine nzuri kweli. Tatizo ni kwamba mabwawa mengi ya nyumbani kule Goba, Chanika na Kigamboni ni madogo mno kwake.

Kwanza maji yenyewe. Maji yasiyo na chumvi yakiwa na joto la nyuzi 30 hushika takriban miligramu 7.5 za oksijeni kwa lita. Yangekuwa na nyuzi 20 yangeshika 9. Joto la Dar linakupunguzia akiba kabla hujamwaga hata kifaranga kimoja. Mchana mwani wa kijani hutengeneza oksijeni, na alasiri kiwango kinaweza kupita 12. Jua likizama, mwani huohuo unaanza kuitumia, pamoja na samaki na vijidudu vinavyoozesha matope na mabaki ya chakula. Kiwango kinashuka usiku kucha na kufika chini kabisa alfajiri. Sato hula na kukua vizuri kikibaki juu ya 4. Kikishuka chini ya 2 utawaona wamepanda juu wakihema usoni mwa maji. Kambare mkubwa huvumilia kwa sababu anavuta hewa ya juu, ila vifaranga vyake vichanga bado havina uwezo huo.

Ndiyo maana mashine hii ni ya usiku. Kilo za oksijeni kwa saa zinazoandikwa kwenye boksi zimepimwa katika maji safi ya nyuzi 20 yaliyoondolewa oksijeni yote. Bwawani hali ni nyingine. Ikiwa imeandikwa kilo 1.5 kwa saa, tarajia kama 0.8 hivi maji yakiwa na miligramu 3, na chini ya 0.3 yakifika 6. Maji yaliyopungukiwa sana ndiyo yanayopokea zaidi. Ukiiwasha saa tisa alasiri maji yakiwa yamejaa kupita kiasi, utaitoa oksijeni iende hewani, ingawa nusu saa ya kuchanganya maji ya juu na ya chini ina faida yake kwenye bwawa lenye kina. Iwashe saa nne usiku, uizime saa moja asubuhi. Inakula karibu kilowati 1, kwa hiyo ni kama yuniti 9 za LUKU kwa usiku mmoja. Kipindi cha masika, mawingu yakikaa siku nzima, mwani hautengenezi vya kutosha: iwashe mapema, na upunguze chakula. Taima iwe yenye betri ndani. Ile ya kuzunguka husimama umeme ukikatika, na kesho yake mashine inawaka saa isiyo yake.

Kwa maoni yetu inafaa bwawa la udongo la mita za mraba 1,000 au zaidi, lenye kina cha mita 1 kwenda juu. Kwenye bwawa la mita 200 mkondo wake unakula kingo na kutibua matope, na matope yaliyotibuliwa yanameza oksijeni ileile unayoilipia.

Kwenye ufungaji ndiko pesa nyingi zinakopotea. Mapanga yazame sentimita 8 hadi 10 tu. Yakizama zaidi mota inabeba mzigo mkubwa, inachemka na kuungua. Pima ampea na ulinganishe na kibao cha mota. Waya wa 2.5 unatosha hadi mita 50, zaidi ya hapo tumia wa 4. Waya mwembamba unashusha volti wakati wa kuwaka, mota inavuma bila kuzunguka, kisha kapasita inakufa. Lazima pawe na ethi na breka ya miliampea 30 inayokata umeme ukivuja, maana kuna watu wanaingia majini humo kuvua. Oili ya giaboksi imwagwe baada ya mwezi wa kwanza, kisha kila miezi sita. Ikitoka nyeupe kama maziwa, sili imepitisha maji. Kama kisima chako kina chumvi, jambo la kawaida ukanda wetu wa pwani, usikubali shafti ya chuma kilichopakwa rangi.

Mwenye tangi la saruji au la turubai la lita 10,000 hadi 20,000 anunue pampu ya hewa ya lita 80 hivi kwa dakika. Muulize muuzaji inatoa lita ngapi kwenye kina cha mita 1, maana namba ya kwenye boksi mara nyingi ni ya hewa isiyosukuma maji yoyote. Mapovu yawe madogo. Makubwa hupanda haraka na kutoka na oksijeni yao. Mawe huziba kwa utelezi, yaloweke kwenye siki na kuyasugua kila yanapopunguza mapovu. Pampu ikae juu ya usawa wa maji, au mpira wake uwe na vali ya njia moja, la sivyo umeme ukikatika maji yanarudi ndani na kuiua.

Kabla ya kulipia ile ya mapanga, mwambie muuzaji akuoneshe panga moja la akiba, beringi na sili za giaboksi dukani kwake. Akikuambia hadi viagizwe nje, nenda duka la pili: panga likivunjika bwawa likiwa na samaki wa kuvunwa, usiku wa kwanza tu bila mashine unatosha kuwapoteza.