Yoga na Ayurveda kwa fundi cherehani: uzoefu wangu, nilichobaki nacho na nilichokiacha

Mimi ni fundi cherehani Kariakoo. Kazi yetu mnaijua: kichwa chini, mabega mbele, mguu kwenye pedeli, na ikikaribia Idi au msimu wa harusi unakaa hapo mpaka usiku. Shingo na mgongo wa chini vilikuwa vimenitesa muda mrefu, mpaka mteja wangu mmoja wa Upanga aliponiambia habari za darasa la yoga la wanawake analosoma yeye. Siku hizi mafundi wenzangu na wateja wananiuliza sana, kila mtu na swali lake, kwa hiyo nimeona niandike kwa kirefu.

Wenye haraka wachukue hili: darasa la yoga nalipatia nyota tano. Mafunzo ya Ayurveda, yaani tiba ya asili ya India, kuhusu chakula, mafuta na mpangilio wa siku, nyota nne. Vidonge na unga wa chupa vinavyouzwa kwa jina la Ayurveda sivipendekezi, na sababu nitazitoa.

Ukumbi wenyewe ni wa kawaida. Vigae chini, mapangaboi mawili, mapazia yanafungwa tukishaingia. Wengi wetu tunavaa suruali pana na ushungi, na hakuna anayemtazama mwenzake. Mwalimu ni mama wa Kihindi aliyezaliwa hapa hapa Dar, anafundisha kwa Kiswahili. Wanaoniuliza kuhusu dini nawajibu hivi: yoga ilizaliwa ndani ya mapokeo ya dini za India, na mwalimu hafichi jambo hilo. Mwanzo wa darasa yeye husema "om", sauti takatifu ya mapokeo hayo, anayetaka anaitikia, asiyetaka ananyamaza na kuvuta pumzi. Mimi nanyamaza. Ule mfululizo wa mikao 12 ya kulisalimu jua nilimwomba nisiufanye, akanipangia mikao mingine inayofanya kazi ile ile ya kuamsha mgongo na mapaja, na wala hakuhoji. Kwangu hilo lilitosha kujua nimefika kwa mtu mwenye heshima.

Somo la kwanza hatukukunja mguu wala mkono. Tulilala chali, kiganja kimoja kifuani, kingine tumboni, akapita kwa kila mmoja. Alipofika kwangu aliinama akasema, "Mwanangu, pumzi yako inaishia hapa," akanigusa chini kidogo ya koo. "Fundi gani anashona na uzi mfupi namna hii?" Nililala pale nikihangaika kuishusha pumzi mpaka kiganja cha tumboni kiinuke kabla ya kile cha kifuani. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Mtu aliyezoea kuinama saa nyingi amejibana mbavu, na tumbo limesahau kazi yake.

Mkao ulionisaidia kuliko yote ni bhujangasana, ule wa nyoka anayeinua kichwa. Unalala kifudifudi, viganja chini ya mabega, unainua kifua. Wanaoanza wote husukuma kwa mikono, na hapo ndipo kiuno kinapobanwa. Mwalimu aliweka karatasi chini ya viganja vyangu, akaniambia niinuke, kisha akaivuta. Ikakwama. Akaniambia nishuke, nikaze mapaja, nibonyeze upande wa juu wa nyayo sakafuni, niinuke tena kidogo tu, kiasi cha kuona ukuta ulio mbele yangu. Akaivuta ikatoka yote. Siku hiyo ndipo nilipoelewa kuwa mgongo una misuli yake ya kunibeba, na ilikuwa imelala. Hata leo nyumbani naweka karatasi.

Kabla ya haya yote nilikuwa nimekwenda hospitali nikapigwa picha, na ninawasihi nanyi mfanye hivyo. Maumivu yanayoshuka mpaka mguuni, ganzi, au mkojo kukataa kujizuia, hayo si ya kupeleka kwenye mkeka. Yangu yalikuwa ya misuli, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo alifurahi niliposema nataka kujiunga. Chama cha madaktari wa Marekani, American College of Physicians, katika mwongozo wake wa mwaka 2017 kimeiweka yoga miongoni mwa njia za kujaribu kwanza kwa maumivu sugu ya mgongo wa chini, kabla ya kukimbilia dawa. Kwa hiyo si maneno ya mtaani tu.

Sasa tuje kwenye maisha ya kila siku, maana darasa la mara moja kwa wiki peke yake halimtoshi fundi. Nilichofanya ni kufunga mazoezi kwenye mambo ambayo tayari nayafanya. Baada ya swala ya alfajiri, kabla watoto hawajaamka, natandika mkeka. Kazini kila bobini inapoisha uzi, nasimama. Nashika mikono nyuma, nafungua kifua, navuta pumzi tano za tumboni, ndipo napachika bobini nyingine. Wenzangu walinishangaa mwanzoni. Sasa wawili wanasimama nami. Kwenye mwendokasi, nikiwa nimebanwa huku na huku, navuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita, mdomo umefungwa, hakuna anayejua. Na nikirudi nyumbani miguu imevimba, nalala chali sakafuni nikaegemeza miguu ukutani mpaka chai ichemke. Mkao huu wa mwisho ndio ninaowashauri mama ntilie, wauguzi na walimu, yeyote anayeshinda amesimama.

Maumivu hayajaisha kabisa. Yamepungua kiasi kwamba nalala usiku kucha bila kugeuka kwa uchungu, na dawa za maumivu ambazo zilikuwa hazikosekani kwenye mkoba wangu nazinunua kwa nadra. Nikiacha mazoezi msimu wa harusi, yanarudi. Ramadhani napunguza: asubuhi nanyoosha shingo na mabega tu, mikao mizito naifanya baada ya futari kushuka tumboni.

Ayurveda nilifikia kupitia kwa mwalimu huyo huyo, aliyenipeleka kwa mtaalamu mmoja mzee. Alinishika mapigo, akanitazama ulimi, akaniuliza kuhusu choo, usingizi, ngozi, hofu, na saa za kula. Hakuna aliyewahi kuniuliza saa za kula. Akasema mwili wangu umeelemea vata, ambayo katika elimu yao ni hali ya upepo na ukavu: ngozi kavu, choo kigumu, usingizi mwepesi, mawazo yasiyotulia. Zipo pia pitta ya moto na kapha ya uzito na utelezi. Mimi hizi naona ni njia nzuri ya kumfanya mtu ajichunguze. Kipimo cha ugonjwa ni cha maabara, na mama yangu mwenye presha nimemkataza katakata kuacha vidonge vyake.

Ushauri wake ulikuwa wa mambo ya nyumbani kabisa. La kwanza, mlo mkubwa uwe mchana, kwa sababu wao wanaamini moto wa tumbo, agni, unakuwa na nguvu jua linapokuwa utosini. Usiku chakula laini na mapema. Hapa kwetu ni kinyume: mchana chai na andazi kwa kuwa kazi imebana, saa tatu usiku ugali na mchuzi mzito, kisha kitandani. Kubadili hilo ndiko kulikokuwa na mvutano nyumbani kuliko yoga yote. Mume wangu alitaka ugali wake. Tukakubaliana anakula anachotaka ila tunakula kabla ya saa mbili, na mimi na watoto siku nyingi tunakula mchele na choroko.

Chakula hicho kinastahili maelezo. Wahindi wanakiita khichdi. Chukua choroko zilizopasuliwa na kumenywa, loweka kidogo, chemsha pamoja na mchele, manjano na tangawizi iliyopondwa mpaka virojeke. Pembeni weka samli kwenye kikaango kidogo, ikishika moto tupia binzari nyembamba, ikianza kurukaruka mimina yote juu ya sufuria na ufunike hapo hapo. Harufu inabaki ndani. Watoto wangu wanapigania ukoko. Hakuna kitu hapo ambacho jiko la pwani halikijui. Samli, choroko na manjano vipo kwa kila muuza duka. Choo kilikuwa laini ndani ya muda mfupi, kiungulia cha usiku kikaondoka, na usingizi ukanoga.

La pili ni mafuta. Unajipaka mwili mzima mafuta ya uvuguvugu kabla ya kuoga, kwa kusugua taratibu, mizunguko kwenye viungo na mistari mirefu kwenye mifupa. Wanaiita abhyanga. Mafuta yanayosifiwa zaidi ni ya ufuta, na ufuta wetu unatoka Lindi na Mtwara, wala huna haja ya kuagiza chupa ya nje yenye maandishi ya dhahabu. Naweka mafuta kwenye kikombe, kikombe ndani ya maji ya moto. Joto la Desemba hadi Machi linapopamba moto nabadilisha, natumia ya nazi, kwa kuwa ya ufuta yanatia joto. Nafanya Jumapili tu, kwa sababu asubuhi za kazi hazina nafasi hiyo, na nyota moja niliyoipunguza ni ya hapo: ratiba yao kamili ya asubuhi, pamoja na kukwangua ulimi, kusukutua mafuta mdomoni na kuosha pua kwa maji ya chumvi, inamtaka mtu asiye na daladala la kuwahi. Kukwangua ulimi nimebaki nako. Kuosha pua nimeacha, kwa sababu maji lazima yawe yamechemshwa na kupoa, ya bombani hivi hivi ni hatari.

Nije kwenye vidonge. Duka moja nililoelekezwa na jirani lilitaka kuniuzia chupa tatu za "kusafisha damu na kuimarisha mishipa". Niliuliza zimesajiliwa wapi na viungo vyake ni vipi. Tanzania tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu mwaka 2002 na Baraza lake, kwa hiyo swali si la kuudhi. Muuzaji alikasirika. Niliweka chupa mezani nikaondoka. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, watafiti walipima dawa 70 za Ayurveda kutoka Asia ya Kusini zilizokuwa zikiuzwa kwenye maduka ya Boston, Marekani, wakakuta 14 zina madini yenye sumu: risasi, zebaki au aseniki. Baadhi ya dawa za mapokeo hayo hutengenezwa kwa madini makusudi. Risasi haina kiwango salama kwa mtoto, na mama mjamzito humpitishia aliye tumboni. Hata manjano ya unga nanunua kwa tahadhari: Bangladesh waligundua wafanyabiashara walikuwa wakiyatia rangi yenye risasi ili yang'ae. Mimi nanunua mizizi mizima sokoni, naikausha na kuitwanga mwenyewe. Na ashwagandha, dawa ya mizizi ya Ayurveda ambayo siku hizi inatangazwa kila kona, mjamzito asiiguse, na mwenye matatizo ya ini au tezi ya shingo amwone daktari kwanza.

Kuhusu gharama, mkeka nilipata Kariakoo kwa Sh 25,000 na haujachanika. Ule mwembamba kabisa usinunue, magoti yatalalamika. Ada ya darasa ni ya mwezi, na mwalimu anakubali kulipwa kwa wiki ukimweleza hali yako. Mikao ya kusimama kichwa haifundishi kwa wenye presha wala matatizo ya macho, na anauliza kabla hujaingia; mwalimu asiyeuliza, tafuta mwingine.

Anayetaka kujaribu bila kulipa asubiri tarehe 21 Juni, siku ya kimataifa ya yoga iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 2014. Siku hiyo darasa letu ni bure. Njoo tumbo likiwa tupu kwa saa mbili au tatu, beba khanga ya kukunja chini ya magoti, na maji ya kunywa baadaye.