Unga wa mwarobaini ghalani: choroko zimepona, mahindi yameliwa

Nilinunua pakiti tano za nusu kilo mnadani huku Nzega, mwezi wa saba mwaka juzi, kila moja sh 2,000. Muuzaji akanihakikishia: pakiti moja gunia moja, changanya, funga, sahau. Pakiti hazikuwa na tarehe wala jina la mtengenezaji, na zilikuwa zimeshinda juani kwenye turubai. Hilo la jua nilikuja kulijutia.

Kilichonisukuma ni msimu uliotangulia, nilipouziwa dawa ya vumbi ya dukani ambayo bila shaka ilikuwa feki. Fukusi walitembea juu yake kama wamepakwa poda ya mtoto.

Nianze na choroko, madebe matatu. Nilizipepeta, nikazianika siku mbili, nikazichanganya kwenye beseni kwa mkono mpaka kila punje ikashika vumbi la kijani. Uchungu wake ulinikaa kooni hadi usiku, na mke wangu akaapa kwamba hicho chakula hatakipika. Baada ya miezi mitano nilimwaga punje mia kwenye sinia nikazihesabu: zilizotobolewa zilikuwa nne. Za jirani, ambaye hakuweka kitu, ukizishika zinapukutika. Tuliosha maji mawili, tukapika (ndiyo, alipika), hatukuonja uchungu wowote. Niseme ukweli lakini: pakiti nzima kwa madebe matatu ni karibu mara mbili ya kipimo cha muuzaji.

Mahindi, magunia manne, yalinitia aibu. Miezi miwili kimya. Wa tatu, usiku, nikaanza kusikia kr-kr-kr ghalani, na asubuhi chini ya magunia kuna unga mweupe laini kama umetoka mashineni. Dumuzi! Wazee wa hapa wanamwita Skania, na Tabora tunamjua kabla ya wengine, maana ni mkoani kwetu alikogunduliwa mara ya kwanza Afrika, kwenye mwaka 1980 hivi, akitokea Amerika ya Kati.

Bwana shamba alipoingia ghalani hakuuliza dawa. Aliuliza, "Mzee, haya makopa ya muhogo yanafanya nini hapa?" Nilikuwa nimeyaegemeza ukutani, hatua moja kutoka kwenye magunia. Akayapasua, ndani wamejaa. Hata nguzo za kichanja zilikuwa na matundu, kwani dumuzi hutoboa mti pia. Akanieleza kwamba mwarobaini hauui papo hapo. Unamfukuza mdudu, unamkatisha hamu ya kula na unazuia viluwiluwi wasikomae. Sasa mdudu ambaye maisha yake karibu yote ni ndani ya punje, vumbi la nje litamfikia wapi? Tena nguvu ya mwarobaini huharibiwa na jua, na mbegu ina nguvu kuliko jani. Mimi nilinunua majani, tena yaliyokaushwa juani. Baada ya kupepeta, magunia manne yalibaki mawili na debe.

Shemeji yangu wa Mbeya alinishauri nihamie kwenye mmea wa utupa. Nilikataa. Kitu kinachowekwa mtoni samaki wakaelea sikitaki kwenye ugali wa watoto.

Msimu huu nimejitengenezea: mbegu zilizookotwa chini ya mti, zikakaushwa kivulini na kutwangwa siku ileile ya kuzitumia. Nimeweka kwenye choroko na kunde tu. Mahindi yako kwenye mifuko isiyopitisha hewa, na kabla ya kufunga nilifanya jaribio la chumvi: unatia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, unatikisa, chumvi ikiganda kwenye kioo bado yana unyevu. Yangu niliyarudisha juani mara mbili. Makopa nayo yamehamishiwa jikoni.

Zile pakiti za mnadani nazipa nyota mbili kati ya tano, zote za choroko. Na ukitwanga mbegu mwenyewe, funga pua kwa kitambaa. Mimi nilipiga chafya mpaka magharibi.