TAHADHARI: Tapeli wa spea za Morris na Land Rover za zamani anayejifanya ana duka Gerezani, Dar es Salaam

Wakuu, habari za mihangaiko. Niko Tabora, na nimelizwa shilingi 640,000. Hela yenyewe nimeshaihesabu kuwa imekwenda. Naandika kwa sababu huyu jamaa bado yuko kazini, na safari hii kaanza kuwafuata wenye Land Rover za zamani, ambao huku kwetu magharibi ni wengi kuliko sisi wa Morris.

Gari yangu ni Morris Minor 1000, ya marehemu mjomba aliyekuwa mtu wa reli. Ilikaa chini ya mwembe kule Cheyo tangu miaka ya tisini, kuku wakitagia siti ya nyuma. Injini ni ya cc 1098, kwa hiyo ni ya 1962 au baada ya hapo. Nilipoichukua niliambiwa nimekwenda kununua chuma chakavu, na mke wangu mpaka leo haiiti gari, anaiita mkweche. Lakini injini haikuwa imeganda. Nilitoa plagi, nikamimina dizeli kidogo kwenye kila silinda, nikaiacha wiki nzima, kisha nikaizungusha kwa mkono. Ikazunguka.

Kilichobaki kikawa spea, na hapo ndipo tapeli anapopata mlango. Morris Minor ilianza kuuzwa mwaka 1948, zikatengenezwa zaidi ya milioni 1.6, na Waingereza wanazipenda mno, kwa hiyo mpaka leo spea zake mpya zinatengenezwa kule. Mtu akikuambia "ninayo masta silinda ya Morris, mpya, ndani ya boksi", yaani ile pampu kuu ya breki, huwezi kumcheka. Inawezekana kabisa. Ila kwenye duka la Dar es Salaam, bei ya kutupa, na bado anazo mbili? Hilo nilipaswa kujiuliza. Sikujiuliza.

Alinifuata mwenyewe WhatsApp, kutoka kundi la wapenda magari ya zamani. Hakuanza na bei. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Kaka, kwenye gari yako bodi imefungwa chanya au hasi?" Wanaozijua hizi gari wataelewa kwa nini nililegea. Morris hizi zilitoka kiwandani zikiwa na waya wa chanya wa betri kwenye bodi, kinyume na gari karibu zote tunazoziona leo. Fundi umeme wa kawaida akiishika bila kujua anakuunguzia kitu. Mtu anayeuliza hivyo, nikasema, huyu anazijua.

Baadaye, nikiwa nimeshapigwa, nilirudi juu kwenye lile kundi nikasoma nilichoandika mwenyewe wiki mbili kabla. Chanya kwenye bodi, cc 1098, pampu ya mafuta ya SU haigongi, breki zinazama. Vyote nilivitaja mimi. Jamaa alikuwa ananipikia unga wangu mwenyewe.

Oda ya kwanza ilikuwa ndogo: rota, kondensa na pointi za distributa (kile kifaa kinachogawa moto kwenye plagi), kwa 55,000. Mzigo ulifika kwa basi kesho yake, kama alivyoahidi. Hiki ndicho chambo. Ukishapokea kitu mkononi mara moja, unaacha kumchunguza.

Nilivifunga Jumamosi asubuhi. Pointi nikazipima inchi 0.015, kama milimita 0.4 hivi, plagi 0.025, nikaongeza oili kwenye kile kikombe cha juu cha kabureta. Ikawaka kwa stata moja. Nikaichukua kuelekea Kwihara, kwenye tembe la Livingstone, barabara ambayo haina watu wengi wa kumcheka mtu. Baada ya kama dakika ishirini ikaanza kumisi, ikapiga mlio mmoja kwenye ekzosi kama bunduki, ikazima. Plagi zote nne, hakuna moto. Nikakaa kivulini nusu saa ipoe. Ingekuwa kondensa, mara nyingi ikipoa inafufuka. Hii haikufufuka. Vijana wa bodaboda wakanivuta kwa kamba mpaka nyumbani kwa elfu nane, na wakapiga picha.

Siku tatu nilitafuta ugonjwa. Nikaazima koili, nikarudisha kondensa ya zamani, nikakwangua pointi kwa msasa, nikafuata waya mmoja mmoja kwa tochi mdomoni. Kitu pekee ambacho sikukigusa ni rota, kwa sababu ilikuwa mpya. Mpya, bwana!

Siku ya nne akaja Mzee, fundi wangu, ambaye alizishika hizi gari zikiwa bado zinanukia rangi. Hakuuliza maswali mengi. Alitoa kifuniko cha distributa, akaiacha rota mahali pake, akaniambia niwashe swichi. Akaushika ule waya mnene wa koili kwa koleo lenye mpira, akausogeza mpaka ukabaki milimita tano hivi kutoka kwenye shaba ya katikati ya rota. "Haya, fungua na ufunge pointi kwa bisibisi." Cheche zikaruka: ta, ta, ta. Hapo cheche haikutakiwa kuruka, maana rota juu haijagusana na kitu chochote. Umeme hauna pa kwenda. Ukiruka, ujue umetoboa plastiki na unakimbilia kwenye shafti badala ya kwenda kwenye plagi. Tukaichomoa, tukaigeuza. Ribiti inayoshika ile shaba ilikuwa imezama mno, plastiki iliyobaki chini yake ni nyembamba kama ganda la yai, na palikuwa na kitundu cheusi kama kimechomwa na sindano ya moto. Rota za bei chee za siku hizi zinajulikana kwa ugonjwa huu hata kwa Waingereza wenyewe. Tukarudisha ile ya mjomba, yenye umri wangu, tukaifuta kwa kitambaa. Gari ikawaka. Kwa hiyo, mkuu, usitupe spea ya zamani mpaka mpya imalize angalau mwezi barabarani.

Nilimwandikia muuzaji kwa upole kabisa. Akanijibu kwa sauti, nyuma yake grainda inalia kama yuko gereji kubwa: "Kaka, fundi wako hajui taimingi, mwambie anipigie nimfundishe." Mzee aliisikiliza ile sauti mara mbili, akaenda kunawa mikono.

Ningeishia hapo ningekuwa nimepoteza 55,000 na heshima kidogo. Lakini breki zilikuwa zinazama mpaka chini, na yeye akaja na "punguzo la kunifuta machozi": pampu ya mafuta ya SU, masta silinda, na zile bawaba za chini zinazoshika tairi za mbele, tranioni, zote kwa 540,000. Tranioni nilizitaka sana. Zisipotiwa grisi nyuzi zake zinalika, halafu siku moja tairi linajikunja chini ya gari kama mguu wa mlevi. Akaongeza kwamba kuna mzee wa Moshi keshalipia nusu, nikichelewa basi. Nikatuma 300,000.

Jina lililotokea kwenye muamala lilikuwa la mwanamke. Lile la kwanza lilikuwa la mwanaume, na yote mawili si jina alilojitambulisha nalo. Nikauliza. "Ni binti wa kaunta." Nikaweka namba ya siri.

Kesho yake ikaja picha ya risiti ya mzigo wa basi, na maneno: "Uko ofisini tayari, malizia salio ndio wautoe." Nikatuma 240,000. Nikaenda stendi. Dada wa ofisi ya mizigo akaangalia daftari, akaniangalia mimi, akaangalia tena daftari. Namba ile ilikuwa ya magunia mawili ya viatu vya mtu wa Kahama, yameshachukuliwa. Nikapiga simu, jamaa akapokea bila wasiwasi: vijana wamechanganya, inatakiwa 45,000 ya kuuhamisha mzigo. Mwenzenu nikatuma. Mtu akishazama kiunoni anaona ni rahisi kuvuka kuliko kurudi.

Boksi lilifika baada ya siku nne. Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo kuna hatari inayozidi hela. Pampu ilikuwa ya kagari kadogo ka Kijapani, imepulizwa rangi ya fedha mpaka kwenye midomo ya mipira. Tranioni hazikuwemo kabisa. Masta silinda ilikuwemo, inang'aa, na kwa macho inafanana. Kwenye Morris hii kitu imejificha ndani ya fremu, chini ya miguu ya dereva, na bolti zake zinazuiwa na ile fimbo ndefu ya springi ya mbele. Kuitoa ni kazi ya siku nzima na matusi. Ukishaitoa ya zamani, unatamani mpya iingie tu yaishe.

Mzee akachukua nati ya bomba la breki, akaifunga kwenye tundu kwa vidole. Ikaingia. Akaitikisa, ikacheza. Akaiweka mezani. Nati za mabomba ya Morris ni za nyuzi za Kiingereza, upana wa inchi tatu kwa nane, yaani milimita 9.5. Tundu lile lilikuwa la milimita 10. Nati inaingia, tena inaingia vizuri kama imezaliwa pale, lakini inashikilia kwa ncha za nyuzi tu. Ukikanyaga breki kwa nguvu, mafuta yanaisukuma nje. Na gari hii ina masta silinda moja kwa tairi zote nne, haina mgawanyo kama gari za sasa. Ikivuja umebaki na hendibreki na dua. "Ukifunga hii," Mzee akasema, "kesho unakwenda kumsalimia Mtemi Mirambo."

Ndiyo maana siliiti suala hili la hela peke yake. Mtu mwenye haraka, au fundi kijana ambaye hajawahi kushika nyuzi za Kiingereza, angeifunga.

Nilipompigia sikumpata tena, nimeblokiwa. Nikaenda polisi, nikafungua jalada, RB ninayo. Askari aliyenipokea aliniuliza swali moja la maana: mzigo ulifika au haukufika? Nikasema ulifika. Akaandika, lakini nikaona kwenye uso wake kwamba tapeli alilifikiria swali hilo kabla yangu. Boksi la takataka linakuja makusudi, ili kesi ionekane mabishano ya muuzaji na mnunuzi. Namba zote mbili nimezituma 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Na ninyi, hata kama hamna gari, pigeni *106# mwone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chenu, maana sidhani kama yule "binti wa kaunta" anajua jina lake linafanya kazi gani.

Sasa namna ya kumtambua, kwa sababu jina na picha keshabadilisha. Picha zake za spea ni za kuiba. Nilipozikuza, pembeni ya ile rota mpya palikuwa na sarafu ya kuonyesha ukubwa, na sarafu ina kichwa cha malkia. Ya Kiingereza hiyo. Nani Gerezani anapimia spea kwa sarafu ya malkia? Ukiwa na mashaka, mwambie aandike jina lako na tarehe ya leo kwenye karatasi, aiweke juu ya spea, apige picha. Mimi nilimwomba hivyo nikiwa nimechelewa, akasema simu yake imeharibika kamera, kwa ujumbe wa sauti, dakika tatu baada ya kunitumia picha. Kama anang'ang'ania kuwa anayo, piga simu ya video aigeuze mkononi, usome maandishi yaliyotoka na chuma. Au muulize tundu la bomba lina kipenyo gani. Mwenye kitu mkononi atachukua kipimo. Tapeli atakuambia "size ni ya kawaida, kaka."

Na msimpe chakula. Mkitaja ugonjwa wa gari kwenye kundi, msimwage kila kitu, na anayekuja inboksi akiwa anajua gari yako kuliko wewe, rudi juu usome ulichoandika.

Masta silinda ya mjomba tumeipeleka kwa fundi tona hapa hapa mjini, kaisugua ndani, kasema kuta bado nzima, inataka mipira tu. Mpwa wangu aliyeko Uingereza atakuja na mipira hiyo mwezi ujao, pamoja na rota ya maana. Mpaka hapo gari iko juu ya matofali, na mke wangu keshaanika mahindi kwenye boneti.

Wiki iliyopita ndugu mmoja wa Ujiji, mwenye Land Rover, kanitumia risiti ya mzigo wa "gia boksi" aliyolipia. Kona ya kulia ina doa la chai, mduara wa kikombe uliokatika. Nikafungua risiti yangu ya stendi: doa lile lile, namba tu ndiyo imebadilishwa. Tangu hapo nimepata ya tatu, kutoka Nzega. Kama unayo yenye doa hilo, nitumie nikaiweke kwenye jalada moja na hizi.